Santuri Zisizo na Lebo

Bronx, Alhamisi

Kaka Rondell,

Mimi mzima, ila usingizi sipati. Jumamosi maktaba ya mtaani kwetu inasherehekea hip hop, kiingilio bure, na wameomba santuri zako za udijei. Lakini wewe ulizibandua lebo zote za majina kwa maji, wapinzani wasijue midundo umeitoa wapi!

Mkutubi Marisol kazigeuzageuza, akacheka. "Bibi, kaka'ko alikuwa mchoyo kweli! Sasa nani atatuambia ipi ni ipi?"

"Mwenyewe anakuja," nikamjibu, hofu yangu nikaificha.

Maana juzi kwenye simu uliniuliza mara mbili mimi ni nani.

Njoo hivyohivyo, kaka. Ukisahau majina ya santuri, tutazipiga tu, watu watacheza. Ukisahau langu, nitakutajia mlangoni.

Mdogo wako,
Yvette