Usipa Ulioingia kwenye Usaili

Kwa Katarina,
Liuli, Wilaya ya Nyasa,
Ruvuma.
11 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Baltazar,

Marahaba! Naipokea shikamoo yako kabla hujaisema, maana najua ukianza kusoma utasahau. Hujambo wewe? Wifi yangu Jacqueline hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anashinda na dawa za kuchua? Sisi huku Mungu ametushika. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri. Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani, akarudi analalamika kwamba kwaya ya siku hizi inaimba kama inakimbizwa. Ziwa lilichafuka wiki nzima, sasa limetulia na usipa, dagaa wetu wa ziwani, unapatikana. Goti langu ni lile lile.

Barua hii anakuletea Henry wa kwa mjomba, anakuja huko Kahama kikazi. Simu nimeiacha makusudi. Ukiwa dukani unaongea na mimi huku unamuuzia mtu sabuni, halafu unasema "dada, subiri kidogo," na hiyo kidogo yako haina mwisho. Barua haikatiki. Kaa chini usome.

Nakuandikia habari za mwanao Emiliana. Maneno yako ya Pasaka sijayasahau: usaili huu ndio wa mwisho, akikosa tena, mwisho wa mwezi apande basi aje akae dukani kwako. Ukasema mtoto ana cheti lakini hana mdomo. Sikubisha, maana wewe ndiye baba yake. Ila tangu siku ile nimekuwa nikimwombea. Yeye duka halitaki, anataka kazi aliyoisomea. Na mimi, Balta, sikutaka aondoke. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, akiwa hajaanza hata shule. Nyumba hii bila yeye sijui ningeiitaje.

Kazi yenyewe ni ya shirika moja la maji, lina ofisi Mbinga mjini. Walitaka vijana wa kuzunguka vijijini, nyumba kwa nyumba, kuzungumza na watu juu ya maji safi na vyoo. Alipoitwa, tukaanza mazoezi hapa hapa sebuleni. Mama alikuwa mwenyekiti. Alivaa miwani yake ya kusomea Biblia, akauliza swali moja tu: "Wewe ni mtoto wa nani?" Emiliana akajibu, Mama akasema amefaulu, akaenda kulala. Basi mimi nikabaki kamati nzima peke yangu. Nikamfundisha kila ninachokijua: aingie taratibu, apige goti kidogo akisalimia, asiwakazie macho wakubwa, asijisifu. Yeye ananiambia, shangazi, chuoni tulifundishwa kuwatazama usoni na kusema tunachokiweza. Nikamwambia hao waliokufundisha hawajawahi kukaa na watu wa Mbinga.

Siku ya safari aliamka mapema akavaa lile gauni la bluu. Akasimama mbele ya kioo, akaniuliza kama mama yake naye alikuwa na shingo ndefu hivi. Nikamwambia ndiyo, vile vile kabisa. Sikuwa na cha kumwonyesha.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Wewe unajua tulivyolelewa. Mtu haingii kwa watu mikono mitupu, hata ukienda kumjulia hali mgonjwa unabeba chochote. Nikamfungia usipa, ule mkavu mzuri wa juani, kwenye kitambaa safi, nikamwambia awape wale wakubwa wa ofisini. Akakataa. Akasema shangazi, watasema nahonga. Mimi nikakasirika! Nikamwambia usipa si hongo, usipa ni adabu. Akanitazama, akauchukua. Baadaye ndipo aliponiambia alikuwa ameamua kuupeleka kwa ndugu yetu Bernadi pale Mbinga, ale yeye na familia yake, na mimi nisijue kitu.

Kufika kwa Bernadi, mlango umefungwa. Wote wamekwenda Matiri kuchuma kahawa. Mtoto wa watu na gauni lake la bluu, baridi la Mbinga linamtafuna, saa ya usaili imekaribia, na kifurushi kinanukia usipa mkononi! Kufika ofisini, ukutani kuna tangazo kubwa la kukataza rushwa. Akamwomba mlinzi wa getini, mzee mmoja Mmatengo anaitwa Zabron, amtunzie mzigo wake. Mzee akaupokea kwa mikono miwili. Emiliana akaingia ndani.

Walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja. Kila swali akawa anajibu huku anatazama meza, kama nilivyomfundisha mimi, na yule mama akawa anamwambia "ongea kidogo binti, hatukusikii." Wakamuuliza akifika kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, mtu ambaye hataki kabisa kusikia habari za vyoo, ataanzaje? Anasema aliliona duka lako mbele yake, na mizani yake.

Mara mlango ukagongwa. Nani? Mzee Zabron! Kashika kile kifurushi, kavua kofia, anasema kwa heshima zote, "Samahani wakubwa, binti huyu ameusahau mzigo wenu getini." Balta, mzee wa watu hakuwa na ubaya. Alinusa usipa, akaona mgeni ametoka ziwani, akajua moja kwa moja ni zawadi ya wenyeji, na kwamba mtoto ameona haya kuitoa. Ingekuwa mimi ningefanya vile vile. Akauweka juu ya meza, katikati ya makaratasi, akatoka zake.

Mwenyekiti wao akauliza hiki ni nini. Mimi ningekufa pale pale. Au ningesema sikijui, Mungu anisamehe.

Mwanao akasimama. Akamtazama mwenyekiti usoni, akasema: "Ni usipa. Shangazi yangu ndiye aliyenilea, na kwetu hatuingii nyumba ya watu mikono mitupu. Aliniambia niwape. Mimi nimeamua nisiwape, kwa sababu leo mnanipima mimi, nanyi mkipokea chochote hamtanipima tena. Shangazi hakukosea adabu. Hapa tu ndipo si mahali pake." Akakichukua kifurushi, akakiweka chini karibu na mguu wake. Kisha akasema, "Swali lenu sijalijibu. Nikifika kwenye nyumba hiyo sitaanza na choo. Nitasubiri nikaribishwe, nitawasalimia wakubwa, nitauliza habari za shamba na za watoto. Kama wanapukuchua mahindi nitakaa nipukuchue nao. Habari ya choo wataianzisha wenyewe siku mtoto akiharisha, na siku hiyo watakuwa wananijua jina."

Yule mama akaanza kuandika. Kuanzia hapo, anasema, waliongea kama watu. Mwishoni mwenyekiti akataka kujua kama usipa huo umekaushwa juani au kwenye moshi, wakacheka wote, lakini hakugusa hata mmoja. Kwenye kutoka Emiliana akampa mzee Zabron, akamwambia huu sasa ni wako, umetunza mzigo.

Aliporudi akanisimulia yote bila kupunguza neno. Nililia. Nililia kwa aibu kwanza, kisha nikawa nalia kwa furaha, Mama akatoka chumbani akidhani kuna msiba. Kumbe mtoto anaweza kunikatalia mbele za watu na papo hapo akanitetea! Yule ndiye uliyesema hana mdomo. Mdomo anao, Balta. Alikuwa anatuheshimu tu.

Tukakaa roho juu wiki nzima. Juzi jibu limekuja: ameipata! Mama alipiga vigelegele hadi jirani akaja na mwiko mkononi. Basi lile basi la kuja Kahama lisahau, na duka lako mtafutie mtu mwingine.

Ila kituo chake ni Chiwanda. Mimi nilikuwa nimejipa moyo kwamba watamweka huku huku Liuli, nimsikie akipiga mswaki uani asubuhi. Nimeomba apate, amepata, na ndiyo hivyo anaondoka Jumatatu. Nimemshonea foronya mbili. Nimemfungia na usipa wa wenyeji wake wa huko, akacheka akaupokea bila kubisha.

Jana nikamuuliza anataka nini kingine kwa ajili ya chumba chake kipya. Akafikiri kidogo, akasema picha ya mama yake. Ile ya kitenge cha maua, uliyoondoka nayo. Hakunituma nikuombe. Nakuomba mimi. Najua kwa nini uliichukua, na sikulaumu, lakini yeye hajapata kuiona tangu awe na akili ya kukumbuka.

Msalimie sana wifi Jacqueline, mwambie mafuta ya mgongo nitampa Henry akirudi tena. Mama anakusalimu, anasema unyoe hizo ndevu. Bernadi na watu wake wanakusalimu, wamerudi kutoka Matiri, wanajuta kukosa usipa. Mungu wetu akufunike wewe na nyumba yako, akulaze salama na kukuamsha salama.

Krismasi Emiliana atakuwa na likizo, atakuja hapa. Njoo na wewe, mdogo wangu. Usije mikono mitupu.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, hata ukichelewa kujibu,
Katarina