Uliyekuwa Ukinisemea

Kwako Dada mpendwa,

Shikamoo. Salamu zangu zianzie kwako, zipite kwa shemeji, kisha zimfikie Bibi Mdogo, ambaye nasikia ameota meno mawili ya mbele na tayari ameshamng'ata baba yake. Mnaendeleaje huko? Lile goti lako limepona? Mimi ni mzima, ila bega la kulia limeshuka kidogo kwa kubeba stendi ya kamera. Nikijitazama kwenye kioo naonekana kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chini ya sakafu.

Juzi nimemaliza miezi yangu sita ya mafunzo kazini. Leo wenzangu wamekwenda kurudisha taa za kukodi, nimebaki ofisini peke yangu, na mawazo yamenirudisha utotoni. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda dukani? Mimi nasimama nyuma yako, nakuvuta sketi, nawe unamwambia mwenye duka kwamba nataka penseli, tena ya kijani, na kichongeo juu yake. Hukuwahi kukosea hata siku moja. Shuleni nako, mwalimu akiita majina nami nikakwama kwenye "ni-ni-nipo", waliokuwa wakicheka walinyamaza mara moja wakikumbuka kwamba nina dada darasa la juu, na mkono wake si mwepesi.

Siku ya usaili hapa nilikwama kwenye jina langu mwenyewe, kwa muda uliomtosha mkurugenzi kumaliza glasi nzima ya maji. Ni mama mfupi, anayetembea kama anakimbilia basi. Nilidhani atanifukuza. Akasema vizuri sana, mpiga picha anayeongea huharibu sauti. Nikaajiriwa kwa sababu ya kigugumizi, Dada. Nilicheka njia nzima.

Kazi yetu ni kurekodi mahojiano kwenye maonyesho ya teknolojia na matamasha ya muziki. Mtangazaji wetu tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Yeye anauliza, mimi nakaa nyuma ya kamera na hedifoni masikioni. Siku ya kwanza kabisa tulikuwa kwenye ukumbi wa maonyesho, nyaya zimebandikwa gundi hadi chini ya mazulia, tukamhoji dada mmoja aliyebuni kifaa cha kukujulisha kwenye simu kwamba maji ya tangi lako yanakaribia kwisha. Alieleza dakika kumi na nne, maelezo matamu, na mimi sikuwa nimebonyeza kitufe cha kurekodi. Redio alipomwambia, nilitamani zulia linimeze. Yule dada akasema afadhali turudie, maana sasa ameshajisikiliza na anajua wapi alipotea.

Lakini hedifoni ndizo zilizonifundisha jambo ambalo hakuna mwalimu aliyeniambia. Nilikuwa nikidhani ninyi wengine maneno yenu hutoka kama maji ya bomba. Si kweli. Nilisikia watu wakimeza mate, wakianza sentensi na kuitelekeza, wakirudia neno mara tatu wakilitafutia mwenzake. Kuna mtaalamu mmoja wa kompyuta, mwenye suti na kadi za kugawa, wakati wa kuhariri nilimkatia "yaani" arobaini na mbili kwenye mahojiano ya dakika sita. Nilizihesabu. Jioni ile nilirudi chumbani kwangu nimenyoosha mabega.

Kisha likaja tamasha la muziki, la siku tatu. Siku ya pili Redio alizimika. Sauti ilikauka kabisa kwa kupiga kelele karibu na maspika, na mpiga gitaa mzee tuliyemwomba kwa wiki mbili alikuwa ameshakaa nyuma ya jukwaa juu ya sanduku la vyombo, zimebaki dakika ishirini tu apande kupiga. Mkurugenzi alikuwa jukwaa la pili, hapokei simu. Redio akanisukumia karatasi ya maswali kifuani.

Nilifunga kamera kwenye stendi, nikakaa mbele ya yule mzee. Swali lilikuwa kwa nini aliacha muziki kwa miaka tisa. Nikakwama pale kwenye "kwa". Hakutazama chini, hakunisaidia. Aliniangalia tu kama mtu anayengoja chai ichemke, mpaka nikafika mwisho. Naye akanyamaza kwa muda uleule. Kisha akasema mkewe aliugua na hakuweza kuvumilia sauti yoyote ndani ya nyumba, hivyo gitaa akaliweka chini ya kitanda. Alipopona, mke mwenyewe ndiye aliyelitoa, akalipangusa vumbi, akalilaza juu ya kitanda bila kusema neno. Tulipozima kamera aliniambia wengi wamemuuliza swali lile, lakini akichelewa kujibu humjibia wenyewe. "Wewe hukunijibia," akasema.

Mkurugenzi alipotazama picha zile aliagiza nisikate chochote, hata kule kukwama kwangu. Wiki iliyopita amenipa mkataba wa mwaka mmoja. Nitakuwa nauliza maswali.

Sasa, Dada, nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Siku ya tatu ya tamasha ulikuja. Nilikuona. Nilikuwa najaribu kurekodi kabla ya kumhoji mwimbaji mmoja, nikavuta picha karibu, ukatokea wewe kwenye kamba ya wageni, gauni la bluu, mtoto mgongoni, hotipoti mkononi. Ulikuwa unaongea na mlinzi, na kwa jinsi mikono yako ilivyokwenda nilijua unamweleza mimi ni nani na najua kazi kiasi gani. Redio akanisogelea, akaniuliza kwa kunong'ona kama yule mama ni ndugu yangu. Nikatikisa kichwa. Akaenda kukwambia huku hayupo mtu kama huyo. Ulisubiri tena, ukamhamishia mtoto ubavuni, ndipo ukaondoka. Jioni uliponiandikia kwamba ulinikosa, nikakujibu nilitumwa jukwaa la pili. Nilikudanganya.

Sikukuonea haya, usidhani hivyo. Niliogopa utasimama pale, unisikie nimekwama mbele ya yule mwimbaji, na kwa mapenzi yako unimalizie swali. Nami ningekuachia. Ningerudi nyuma ya mgongo wako na ningeona raha. Hiyo raha ndiyo niliyoiogopa.

Sekunde zako kumi na moja bado ziko kwenye kamera. Sijazifuta, na kila nikizitazama nakosa pa kuficha uso. Nisamehe, Dada.

Msalimie shemeji, na jirani yako mshonaji pia.

Jumapili saa kumi jioni nitakupigia simu, mimi mwenyewe, si ujumbe. Ukipokea ukasikia kimya, usikate ukidhani ni mtandao. Ni mimi, niko kwenye herufi ya kwanza. Ningoje.

Mdogo wako akupendaye,
Mpiga picha