Kitanda cha Dirishani

Shoga, tangu Jumamosi mdogo wangu alipotutoka, leo ndiyo nimeweza kwenda bwenini kwao kufuata vitu vyake.

Kitanda chake cha dirishani ameshapewa mwingine! Sanduku lake wameliweka mlangoni.

Mama wa binti mgeni alikuwa anatandika shuka. Kuniona na sanduku, akachangamka: "Chuo cha wenye nazo hiki, dada! Wangu alikosa, juzi tukaitwa ghafla, nafasi imepatikana. Mungu mkubwa! Na wewe umemleta mdogo wako?"

Nikasema ndiyo.

Yaani nilisema ndiyo, shoga. Hata nikamsaidia kufunga chandarua.

Akachukua namba yangu, eti binti yake na mdogo wangu wawe marafiki.

Sasa hivi anapiga simu, na mama yetu ananiuliza kwa nini sipokei.