Kura Niliyomnyima Hobart

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo ukilicheka sitakulaumu, maana hata mimi ningecheka kama lisingekuwa langu, na tafadhali usitoe jina langu la ukoo, kwa sababu mji wetu hapa kaskazini mwa Minnesota ni mdogo na wote nitakaowataja husoma safu yako kabla hata ya matangazo ya vifo.

Mume wangu Orrin alifariki mwezi Machi, baada ya miaka arobaini na miwili ya ndoa, na kwa miaka tisa ya mwisho sisi wawili tulikuwa wanachama wa klabu ya wapenzi wa kipindi cha zamani cha televisheni kiitwacho Kituo cha Kumi na Moja, kinachohusu wapima hali ya hewa waliokwama kwenye barafu, na kama ulikiona utakumbuka kwamba kila msimu kulikuwa na sehemu moja iliyosimuliwa kwa barua, yaani mtu anakaa na kalamu, anaanza "Mama mpendwa," na sauti yake inatupitisha katika mambo ya wiki nzima, wenzake tukiwaona kwa macho yake. Daktari alipata barua tatu, nahodha mbili, fundi wa redio moja. Wale wadogo hawakupata kitu. Basi klabu yetu, kila Jumamosi ya pili ya Oktoba, hukutana katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, tunakula viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, halafu tunapiga kura ya siri kuamua ni yupi kati ya wadogo alistahili barua, na mshindi huandikiwa na kusomewa mbele ya wote.

Orrin alimtetea Hobart, mchochea tanuri, ambaye katika misimu sita hakusema maneno yanayofika mia. Alisimama kila mwaka akiwa na karatasi yake iliyokunjwa mara nne, akatoa hoja zilezile, na kila mwaka Hobart alishindwa, mara na mpishi Delphine, mara na muuguzi, na mwaka mmoja na mbwa, jambo lililomnyima Orrin usingizi siku mbili.

Sasa nikiri. Miaka yote tisa sikumpigia Hobart kura hata mara moja. Si kwamba nilimchukia, nilimpenda kuliko wote, ila nilimwona ni mtu asiyeandika barua. Daktari akilia, Hobart humwongezea makaa tanurini akaondoka. Ukimpa kalamu aeleze kwa nini, unamharibu. Niliishi na mtu wa aina hiyo, ninamjua. Orrin hakuniandikia barua maishani mwake, alikuwa akiniachia karatasi juu ya jokofu, "Gari limejaa mafuta," na majira ya baridi alitangulia kukaa kwenye kiti changu cha gari ili nikute kina joto.

Mwaka jana alikuja na mtungi wake wa oksijeni, akasimama, akatetea, na matokeo yalipotangazwa Delphine alikuwa na kura kumi na mbili, Hobart kumi na moja. Njiani akaniambia, "Kura moja tu, Verna. Mle ndani kuna mtu hana moyo." Nami, mshauri, badala ya kunyamaza, nikasema, "Labda Duane. Duane anampenda sana Delphine."

Duane Pelkey alivua samaki na Orrin kwenye kibanda kimoja juu ya ziwa lililoganda kwa miaka thelathini. Januari alikuja mlangoni na kigari cha kuteleza thelujini, akasema, "Toka, mzee, nakuburuta mpaka kibandani, wewe kazi yako ni kukaa tu kama bwana harusi." Orrin akamjibu kupitia mlango uliofungwa kwamba amechoka. Hakuwa amechoka, alikuwa jikoni anakula mkate. Duane alikuja mara tatu. Machi alibeba jeneza.

Wiki iliyopita Marlys, mwenyekiti wetu, alinipigia simu. "Verna mpenzi, tumeshakubaliana. Mwaka huu wote tunampa Hobart, kwa ajili ya Orrin. Na barua utaandika wewe, nani mwingine?" Kisha Duane akaja kurekebisha mfereji wangu wa paa, akanywa kahawa, akaniuliza, "Dada, nilimkosea nini yule mtu?" Nikamwongezea kahawa.

Nifanye nini? Niandike barua ya Hobart na kufunga mdomo, au niseme ukweli na kuharibu sherehe ya marehemu? Nimeshaanza kuandika mara nne na kila mara Hobart anakataa kusema.

Verna

*

Verna,

Pole kwa msiba. Kile kiti cha gari nimekisoma mara mbili, na sitakisahau upesi.

Sasa tuondoe kwanza lisilo kosa. Kura yako ni yako. Ndoa haimlazimishi mtu kukubaliana na mumewe kuhusu mchochea tanuri, na hoja yako, nasema hivi kama mtu aliyekitazama kipindi hicho chote, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Kosa lako ni kwamba hukuisimamia. Miaka tisa umekaa na hoja nzuri tumboni ukila viazi. Orrin alikuwa anatafuta mtu wa kubishana naye, na mtu huyo alikuwa amekaa pembeni yake.

Mwambie Marlys hapana. Kura ya huruma ni tusi kwa mtu aliyeweza kushindwa na mbwa na mwaka uliofuata akarudi na karatasi yake. Wapige kura ya kweli, nawe usimame safari hii, useme uliyoniambia. Hobart akishinda, barua aandike mwingine. Wewe ndiye mtu wa mwisho anayefaa kazi hiyo.

Lakini hayo ni ya Jumamosi, na wewe unajua kwamba hukuniandikia kurasa nne kwa sababu ya Jumamosi. Umemwacha mwanamume abebe jeneza la rafiki yake bila kujua alimkosea nini. Akakuuliza kwa kinywa chake mwenyewe, ukamjibu kwa kahawa. Hilo ni ovu, Verna, na upole wako wote haulipunguzi. Mlango ule Orrin aliufunga mwenyewe, ni kweli, lakini sababu ulimpa wewe.

Usimwandikie Duane barua. Nakufahamu sasa, utaandika nzuri mno, naye atakusamehe kabla hajapata nafasi ya kukasirika. Nenda kwake Alhamisi mchana. Usibebe keki. Usianze na ugonjwa wa Orrin wala na jinsi unavyoteseka. Huenda akakutoa nje, na huenda mfereji wako wa paa ukavuja mpaka masika. Vumilia.

Sentensi ya kwanza iwe hii: "Duane, kura ile ilikuwa yangu, na nilimwambia Orrin ni yako." Ya pili mwachie yeye.