Jina Lako Katika Maombi ya Waumini

Mdogo wangu Tereza,

Leo mlangoni mwa kanisa, mwenyekiti wa kigango chetu hapa Hulugho amenipa kalamu yake nitie sahihi karatasi ya kupinga utoaji mimba. Yeye! Huna hata mwezi kaburini, naye ananiambia kwa upole, "Mwalimu, tutetee uhai." Redioni maaskofu na wabunge wanabishana kila siku, na hakuna hata mmoja wao anayekujua.

Mimi nakujua. Nilikubeba mgongoni kabla hujaota meno. Ulipohamishiwa shule ninayofundisha tukagawana chumba, wewe ukipika, mimi nikilalamikia chumvi, nawe ukinicheka: "Dada, kwa mdomo huo utaolewa na nani?"

Kisha ukaniuliza, "Dada, mtu akipata mimba asiyoweza kuizaa, afanye nini?" Nilijua unasema habari zako. Bado nikakukariria amri ya tano, "Usiue," kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Ukaenda Garissa peke yako, ukarudi unavuja damu. Nimewakasirikia wengi, Tereza, lakini nikikumbuka jibu langu natamani kujizaba makofi.

Mabasi yalikuwa yanangoja msafara wa polisi kwa sababu ya mashifta, wale majambazi wa njiani, tukapanda lori la mbuzi kukurudisha Garissa, hospitalini. Kichwa chako kikiwa mapajani mwangu, ukanitajia jina la mwanamume. Hatukufika.

Katekista akasema mtu wa namna yako haombewi Misa. Jirani yetu Mama Halima, aliyeniletea chai siku zote za msiba, hakuamini masikio yake. "Pole, walaal, dada yangu. Nyinyi mnahukumu hata maiti? Hiyo kazi si ni ya Mungu?"

Basi leo kwenye maombi ya waumini, mwenyekiti akasimama kuwaombea watoto wasiozaliwa. Kanisa zima likaitikia. Alipomaliza nikasimama mimi: "Tumwombee Tereza, mdogo wangu. Na tumwombee baba wa mtoto wake, huyu aliyetuongoza sasa hivi."

Mkewe akageuka kumtazama. Hakuna aliyeitikia. Nikaitikia mwenyewe, kwa sauti: "Ee Bwana, utusikie."

Wameniambia nisikanyage tena pale. Jumapili nitakwenda, nitakutaja tena, na nitakutaja hadi waitikie.

Pumzika, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, uliyeniuliza nikakuhubiria.