Gari Lililoishia Uani

Jumapili, jioni

Na kesho nitaamka na kulikuta palepale. Gari la Kimarekani, la zamani kuliko mimi, limetengenezwa upya likang'aa, limevuka bahari likaletwa na lori mpaka hapa Nyantakara, halafu linashindwa kutoka getini kwangu! Tumbo liko chini mno, na mvua imechimba barabara. Juzi nilijaribu, likakwama juu ya tuta. Majirani wanane wakalisukuma kurudi uani.

Kwenye picha za simu sikuangalia tumbo. Niliangalia rangi tu. Domina, mke wangu, alisema ninunue pikapu. 

Leo mama amekuja kutoka Kaniha, amevaa kitenge chake cha kanisani. Tangu niko darasa la tatu nilimwahidi kwamba nikinunua gari, yeye ndiye atakayepanda wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nipeleke kwa dada yako Nyabusozi."

Akaingia upande wa kushoto, kama abiria yeyote, akakuta usukani mbele yake. Magari ya Marekani ndivyo yalivyo. Nikashindwa kumwambia ashuke. Nikaingia kulia, nikanyoosha mkono, nikawasha. Injini ikanguruma, nasi tumekaa tu, tunaitazama migomba.

Baada ya muda akanigusa goti.

"Zima, baba. Tumeshafika."

Nyabusozi kaenda kwa bodaboda.