Weka Gunia Chini, Mista Lau

Mwalimu Skola,

Leo Jumapili, ghala limefungwa. Nimekaa kitandani hapa mtaani Mazwi na blanketi mabegani, maana upepo bado unaingia kwenye dirisha langu. Ni upepo uleule uliokuwa ukiusikia nyuma ya jumbe zangu za sauti kwenye simu, ukaniambia nizibe lile dirisha kabla sijaugua mapafu. Bado sijaziba.

Naandika kwa kalamu, na najua ungekasirika. Ulitukataza kuandika. Ulisema mnunuzi akipiga simu hatasubiri tutafute daftari. Lakini nikisema kwa sauti nitalia, na wapangaji wenzangu watakuja mlangoni kuuliza. Acha niandike kwanza, sauti nitaitoa mwishoni.

Nakumbuka tulivyokutana. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za duka la vifaa vya shule, nimetoka kushusha lori zima la mahindi, na wewe ulikuwa unakwenda kufundisha kwenye chumba cha nyuma. Ukanipa shikamoo, kwa sababu nimekuzidi miaka kumi na zaidi. Halafu ukaniuliza nimekuja kusoma au kupumzisha mgongo. Nikasema kupumzisha mgongo. Ukasema, "Basi ndani kuna viti, Kaka."

Nikaingia kwa ajili ya kiti. Huo ndio ukweli. Mtu wa darasa la sita, kutoka Ngara, niliyekuja huku kubeba magunia kwa msimu mmoja na misimu ikaendelea, ningetafuta nini kwenye Kiingereza cha biashara? Nilidhani utaandika ubaoni na sisi tutanakili. Hukuwa na ubao. Ulikuwa na simu yako, kispika kidogo kama kopo la rangi ya viatu, na kadi ulizokata kwenye maboksi ya sabuni. Mmoja wetu alipewa kadi yenye bei, mwingine yenye idadi ya magunia, na ilikuwa marufuku kuonyeshana. Ukitaka kujua mwenzako ana nini, umuulize kwa mdomo wako. Mama Edita, anayeuza dagaa wa Kasanga, alikuwa anachungulia kadi yangu kila mara. Ukimkamata anasema macho yake yamezoea soko.

Nje uliniita Kaka Lau. Ndani uliniita Mista Lau. Makuli wenzangu walipolisikia hilo jina wakalichukua, na hadi leo nikichelewa kuinuka wananiambia, "Mista Lau, gunia linaomba miadi."

Kosa langu unalikumbuka. Uliweka gunia la kweli katikati ya chumba, ukavaa miwani ya jua, ukaazima mkoba wa Mama Edita, ukawa mnunuzi kutoka Zambia. Mimi nilikuwa muuzaji. Ulipofungua mdomo kunisalimia tu, nikainama nikalinyanyua gunia begani. Darasa zima likacheka. Wewe hukucheka. Ulivua miwani.

"Weka gunia chini, Mista Lau. Sijasema nanunua. Na wewe hujasema unauza nini. Sema kwanza, utabeba baadaye."

Nikaweka. Tukaanza upya, nikainama tena. Wiki iliyofuata vilevile. Sikuwa nafanya utani, Mwalimu. Mwili wangu ulikuwa umeshajifunza hivyo. Mtu mwenye viatu safi akisimama karibu na gunia, mimi nainama.

Kisha moyo wako ukaanza kuvimba, ukalazwa. Tulidhani darasa limekwisha. Siku ya pili simu zetu zikalia zote sokoni, ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la darasa, unataka tupige picha ya bidhaa tuliyonayo mbele yetu na tumweleze mgeni asiyeijua. Mama Edita akaeleza dagaa mpaka bando likamwishia. Mimi nikapiga picha ya gunia. Ukanijibu kwamba gunia umeliona, sasa unataka kujua kilichomo.

Mwanzoni sauti zako zilikuwa za dakika mbili. Zikawa za dakika moja. Zikawa za pumzi tatu nne. Sote tulikuwa tunatazama ule urefu kabla ya kubonyeza.

Ya mwisho hukuitupa kwenye kundi. Ulinitumia mimi peke yangu. Ulikuwa mnunuzi tena. Ulinisalimia kwa Kiingereza, ukasema unatafuta maharage, ukauliza naweza kukwambia nini kuhusu maharage yangu. Ukavuta pumzi, na ukasema kwa Kiswahili, "Zamu yako, Kaka Lau."

Kaka Lau, si Mista. Nilisikiliza nikiwa nimeegemea tairi la lori. Simu yako lazima ilikuonyesha kwamba nimesikiliza. Na sikujibu.

Nimejiambia mara nyingi kwamba ilikuwa uchovu. Wiki ile tulipakia malori mfululizo, mikono ilikuwa haikunjiki. Lakini tukisemezana ukweli, niliona aibu. Wenzangu walikuwa wamekaa pale pale, na mimi nianze kuiambia simu habari za maharage kwa Kiingereza changu kilichovunjika? Nikasema Jumapili nitakuwa peke yangu, nitajibu. Jumamosi Mama Edita alinipigia. Alilitaja jina langu tu, nikajua.

Tulikuja kukuzika kwenu Matai, tumepanda nyuma ya fuso ya tajiri wangu, mwenye ghala. Walipotafuta wabebaji, nilikuwa wa kwanza kusimama. Nilikubeba, Mwalimu. Nilikuwa mbele, upande wa kulia. Njia ilikuwa na tope na hukuyumba hata mara moja. Kaburini wakaomba mwanafunzi mmoja aseme neno. Mama Edita akanitazama. Wote wakanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Ikabidi aseme yeye.

Unaona nilichokifanya. Nilibeba bila kusema.

Mama yako alitupokea kwa yale makofi ya taratibu ya salamu za kwenu, magoti ameyakunja kidogo, na mimi sikujua niitikie vipi, nikapiga makofi kama mtu wa kwaya. Akatabasamu siku ile ya msiba. Akatuambia simu yako hataizima wala hataigawa. Atakuwa anaichaji, na sisi tusiache kuzungumza kwenye kundi. Alisema Kiingereza hakijui ila atatusikia tukisema.

Kwa hiyo hatujaacha. Jumanne saa kumi jioni bado tunakutana. Kadi zako zimelainika kama vitambaa, tumekata nyingine. Mama Edita ndiye anavaa miwani, lakini hawezi kuwa mnunuzi mkali kama wewe. Anakubali bei ya kwanza halafu anakuuliza watoto hawajambo.

Sasa nikwambie la Alhamisi.

Alikuja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Lusaka. Mpwa wa tajiri, anayejua Kiingereza, alikuwa amekwenda Mbeya. Tajiri akawa anatabasamu tu na kuonyesha kwa vidole. Yule mama akaingia ndani ya ghala, akasimama karibu na mimi. Viatu safi. Akanisalimia, akauliza, kwa maneno karibu yale yale yako, naweza kumwambia nini kuhusu maharage haya.

Nilikuwa nimeshainama. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika pembe za gunia na goti limeshakunjwa. Nikakusikia. Sisemi mambo ya mizimu, nasema nilikusikia kama mtu anavyosikia kitu alichoambiwa mara nyingi. Nikaachia. Nikasimama wima, nikajifuta mikono kwenye suruali, nikasema.

Nilimwambia ni maharage ya njano, ya msimu huu, yametoka mashamba ya Kalambo, hayajachanganywa. Maneno yalikuja moja moja kama watu wanaotoka kanisani. Hakunikatiza. Halafu akaelekeza kidole kwenye rundo la kushoto, lile karibu na mlango. Tajiri akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Hakujua tunasema nini.

Rundo lile lilikuja kwenye mvua, turubai limetoboka. Kwa nje limekauka. Lakini nililishusha mimi, na bega haliongopewi kuhusu maji. Ningeweza kunyamaza. Ningemwambia kwamba nayo ni mazuri, na tajiri angenipenda siku ile. Nikamwambia asichukue yale, yana maji, nimeyabeba mwenyewe na uzito wake si wa maharage. Akaniuliza nina hakika gani. Neno la Kiingereza likanipotea, nikajipiga begani mara mbili. Akacheka. Akatumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, akautoa, akanusa. Akachukua rundo la kulia lote.

Lori lilipoondoka, tajiri akaniita pembeni. Aliuliza nilimwambia nini mgeni kuhusu rundo la kushoto, maana aliniona nakataza kwa mkono. Nikamwambia kama ilivyokuwa. Niliongea nikiwa nimeshakubali kwamba kesho sina kazi. Akalizunguka lile rundo, akapekua gunia la katikati.

"Angelikuta lina maji akiwa kwao Lusaka," akasema, "asingerudi hapa maisha yake." Akaagiza yaanikwe yote. Alipofika mlangoni akageuka. "Lau, wageni wa Kiingereza wakija, uje mbele uongee nao. Wakishanunua, urudi ubebe."

Wenzangu wananicheka. Wanauliza siku hizi nanyanyua mizigo kwa ulimi. Na mgongo unauma kama zamani, usidhani nimekuwa bwana mkubwa. Lakini mpangilio ndio ule uliotaka wewe. Nasema kwanza, nabeba baadaye.

Nakuahidi haya machache. Namba yako haitatolewa kwenye kundi nikiwa hai. Jumanne zijazo miwani nitavaa mimi, na nitakuwa mkali. Dirisha nitaziba. Na nikipata nafasi nitakwenda Matai kumsalimia mama yako, safari hii nikiwa nimejifunza yale makofi.

Nikimaliza kuandika nitaikunja karatasi hii niiweke pamoja na kadi zako. Kisha nitaufungua ujumbe wako, niusikilize mpaka ile pumzi, mpaka "zamu yako." Na nitajibu, yote, kwa sauti, upepo ukiwa nyuma yangu. Mama yako atasikia simu ikilia, na atanisikiliza hata kama haelewi.

Umesubiri sana, Mwalimu. Pumzika sasa. Gunia liko chini.

Nasema.

Kaka yako na mwanafunzi wako,
Lau